Peke Yangu Alps Katikati ya Januari: Nichague Kijiji Gani?

SWALI

Shikamoo Mama. Mimi ni muuguzi, nina miaka 36. Nimeshakwenda kuteleza kwenye theluji mara nne, kila mara na marafiki zangu watatu. Mwaka huu mmoja ana mtoto mchanga, mwingine amebadili kazi, na wa tatu amefanyiwa upasuaji wa goti. Likizo yangu imeshapangwa, siku saba katika wiki ya tatu ya Januari, na siko tayari kuipoteza. Nimeamua kwenda peke yangu.

Pisti (njia za kuteleza) za buluu, zile nyepesi, nashuka bila wasiwasi, nyekundu, za wastani, nazimudu kama hazina mabonge ya theluji. Siendeshi gari. Kazini kila mtu ana jibu lake: mmoja ananiambia Val Thorens kwa sababu ndiyo iliyo juu kuliko vyote, mwingine Zermatt kwa ajili ya ule mlima, wa tatu St. Anton kwa sababu huko hakuna anayelala mapema.

Hofu zangu ni mbili. Ya kwanza, nifike nikute majani badala ya theluji, maana nakumbuka picha za Januari 2023. Ya pili naona haya kuiandika: ni jioni. Sijui kukaa mgahawani peke yangu saa mbili usiku, watu wakinitazama. Nichague wapi?

JIBU

Marahaba mwanangu. Hiyo hofu ya pili kwangu ndiyo ya kwanza, na huna sababu ya kuionea haya. Kwa majira kumi na moja ya baridi nilikaa mapokezi ya hoteli ya vyumba 24 katika bonde moja la Tirol, Austria, na wageni waliokuja peke yao niliwatazama kwa jicho la pekee kwa sababu nami niliwahi kuwa mmoja wao. Wapo waliokatisha safari na kuondoka Jumatano. Sikumbuki hata mmoja aliyeondoka kwa sababu kilomita za pisti zilikuwa chache. Waliondoka kwa sababu ya jioni.

Piga hesabu. Katikati ya Januari lifti nyingi za Alps, zile zinazowapandisha watu mlimani, husimama kati ya saa kumi na saa kumi na nusu, na ikifika saa kumi na moja na ushei giza linaingia. Kutoka hapo hadi kulala una saa tano, na siku ni saba. Aliye na wenzake hazioni saa hizo: kuna anayepika, kuna anayelalamikia buti, kuna aliyepoteza chaja. Wewe utaziona moja baada ya moja. Kwa hiyo anza na jioni. Utakula wapi, utakula na nani, na utatembea dakika ngapi gizani kutoka mezani hadi kitandani? Ukishayajibu hayo, nusu ya majina uliyopewa yanajiondoa yenyewe.

Sasa theluji. Picha unazozikumbuka ni za kweli. Tarehe 1 Januari 2023 kipimajoto cha Delémont, kaskazini-magharibi mwa Uswisi, kilipanda hadi nyuzi 20.2, na siku sita baadaye mashindano ya Kombe la Dunia la kuteleza kwenye theluji kule Adelboden, Uswisi, yalifanyika kwenye utepe mweupe uliopita katikati ya malisho ya kijani. Ila picha hizo zisikukimbize hadi kileleni. Kijiji cha juu sana kina faida kubwa mwanzoni mwa Desemba, theluji ikiwa bado haijashika, na tena Aprili, jua linapoiyeyusha. Wiki yako iko katikati ya baridi yenyewe. Mitambo ya kutengeneza theluji huhitaji nyuzi kadhaa chini ya sifuri ili ifanye kazi vizuri, na Januari ndiyo mwezi wake. Mimi natosheka na kijiji cha kulala kilicho mita 1,400 au zaidi, chenye lifti zinazopita mita 2,000 na mitambo hiyo kwenye pisti kuu za kurudi nyumbani.

Na urefu una gharama yake. Kila ukipanda mita 1,000 joto hushuka kama nyuzi 6. Siku ambayo kijijini ni nyuzi 5 chini ya sifuri, juu ya mita 3,000 unakutana na 15 chini, na upepo bado hujauhesabu. Kisha, kupita kama mita 2,000 na kidogo, miti inakwisha.

Hapo kwenye miti nakuomba usome taratibu. Safari yangu ya kwanza peke yangu nilichagua kituo kimoja cha juu sana cha Ufaransa, nikijisifu kwamba nimeshapata uhakika wa theluji. Theluji ilikuwepo, tena nyingi. Siku ya pili wingu lilishuka likakaa siku tatu. Wasioijua hali hiyo hudhani ni ukungu wa kawaida. Sivyo. Nuru inakuwa ya aina moja tu, mbingu na ardhi vinakuwa kitu kimoja cheupe, hujui mbele yako panapanda au panashuka. Nilisimama nikadhani natembea. Nilianguka nikiwa nimesimama wima, kwa sababu jicho halikuwa na cha kushika. Lifti za juu zilifungwa kwa upepo. Chumba nilichokodi kilikuwa studio ya watu wanne. Nilichemsha tambi, nikala nimesimama kando ya jiko, nikaangalia vitanda vitatu vitupu. Nilirudi siku mbili kabla ya tarehe.

Tangu hapo nikitafuta kijiji cha Januari natafuta miti. Pisti inapopita kati ya misonobari, jicho linapata weusi wa kulinganisha na weupe, upepo unavunjika, na siku mbaya inabaki kuwa siku ya kuteleza. Mtu mwenye wenzake akikosa siku moja ya mlima anacheza karata. Wewe siku hiyo unaihitaji.

Basi tuyapitie majina yako. Val Thorens imejengwa mita 2,300 na kweli ni ya juu kuliko vijiji vyote vya skii (kuteleza kwenye theluji) Ulaya. Imeungana na Méribel na Courchevel katika Les 3 Vallées, kilomita 600 za pisti. Lakini pale hakuna mti hata mmoja wa kukuokoa, na sehemu kubwa ya malazi ni fleti za makundi. Machi ningekutuma kwa moyo mmoja. Januari, peke yako, hapana.

Zermatt inamfaa mtu mmoja kuliko watu wanavyodhani. Magari ya kawaida hayaingii, treni kutoka Visp inakushusha katikati ya kijiji, na Matterhorn, mita 4,478, hauchoshi kutazamwa. Gondola, vyumba vinavyoning'inia kwenye kamba, zinafika mita 3,883, na kutoka huko unaweza kushukia Cervinia upande wa Italia. Tatizo la kwanza ni bei, kuanzia kitanda hadi kikombe cha supu. La pili ni huo mpaka: upepo ukiongezeka, lifti za juu zinafungwa, na aliyebaki upande wa Italia anakabiliwa na safari ndefu sana ya barabara kuuzunguka mlima. Peke yako ungeyabeba hayo mwenyewe. Ukiwa na fedha ya kutosha na ukakaa upande wa Uswisi kila siku yenye dalili ya upepo, sitakuzuia.

St. Anton ina stesheni ndani ya kijiji, kwenye reli ya Zürich hadi Innsbruck, na klabu yake ya skii ilianzishwa 1901. Ndiko Hannes Schneider alikoendeleza mbinu ya kufundisha iliyoenea duniani. Naiheshimu sana. Ila pisti nyingi zilizopakwa buluu pale, kwingine zingepakwa nyekundu, na ikifika saa kumi watu wote wanashuka kwa pamoja kwenye njia zilizojaa mabonge, wengine wakiwa wameshakunywa. Kwa kiwango ulichonieleza utamaliza wiki ukiwa umechoka na kuogopa.

Mimi nakutuma Val Gardena, katika milima ya Dolomites upande wa Italia. Lala Selva, mita 1,563, au Santa Cristina chini kidogo. Pana misonobari hadi juu ya kijiji, pana mitambo ya theluji karibu kila pisti, na upande huu wa kusini wa Alps jua la Januari ni la kawaida kuliko kaskazini. Pisti nyingi ni buluu na nyekundu, yaani zako. Mbio za Kombe la Dunia za bonde hilo hufanyika Desemba, kwa hiyo wiki yako iko huru. Linganisha na Wengen ya Uswisi na Kitzbühel ya Austria: mbio zao kubwa huangukia katikati na mwishoni mwa Januari, vitanda vinajaa na bei inapanda. Likizo za shule za Ufaransa nazo huanza Februari. Wiki ya tatu ya Januari ni miongoni mwa wiki tulivu za msimu mzima, jitahidi tu kutoichukulia mahali penye mbio.

Kufika ni rahisi bila gari. Treni inayopita njia ya mlima ya Brenner kutoka München, Ujerumani, inakuleta Bolzano, na kutoka Bolzano pana basi la kupanda bondeni. Waulize hotelini kama kadi ya mgeni inalipia basi.

Sababu yangu kubwa kuliko zote ni meza. Hoteli nyingi za bonde hilo ni za familia, na bei ya chumba inajumuisha kifungua kinywa na chakula cha jioni. Unapewa meza yako siku ya kwanza, na ni hiyo hiyo hadi unaondoka. Usiku wa kwanza utaona haya kidogo. Usiku wa pili mhudumu anajua unakunywa nini. Usiku wa tatu wale wazee wawili wa meza ya jirani wanakuuliza leo ulishuka wapi, na mazungumzo yanaanza kwa ramani ya pisti iliyofunguliwa katikati ya sahani. Nimeliona hilo likitokea mara nyingi kiasi kwamba nilipokuwa mapokezini nilikuwa nikiwapangia wageni wa peke yao meza za kona zenye majirani wawili, si meza ya katikati inayomwanika mtu. Unaruhusiwa kuiomba. Andika barua kabla ya kulipa: je, kuna chumba cha kweli cha mtu mmoja, au ni chumba cha wawili chenye nyongeza? Hoteli za zamani zina vyumba vidogo chini ya paa ambavyo mara nyingi haviwekwi mbele kwenye matangazo. Je, chakula cha jioni kimo? Je, lifti ya kwanza iko dakika ngapi kwa miguu, mtu akiwa amevaa buti za skii? Hili la mwisho libane. “Karibu na lifti” ni maneno ya kila hoteli.

Nikueleze na jambo ambalo hakuna atakayekueleza hadi umeshafungua mlango: katika hoteli za Tirol na za bonde hilo, sauna mara nyingi huingiwa bila nguo, wanaume na wanawake pamoja. Kwao ni kawaida na hakuna ubaya wowote. Kama hupendi, uliza kama pana sauna ya kuvaa nguo za kuogelea au saa za wanawake peke yao. Joto hilo baada ya saa kumi linamaliza saa mbili za ile jioni yako unayoiogopa.

Jiunge na darasa la kikundi. Najua unateleza tayari. Jiunge hivyo hivyo. Madarasa ya wiki huanza Jumapili au Jumatatu asubuhi, kwa hiyo fika kabla, usije Jumanne ukakuta makundi yameshafungwa. Mwalimu atakunyoosha viuno, lakini la maana zaidi ni kwamba ifikapo saa saba mchana una watu wanne au watano wa kiwango chako, nao pia wanatafuta wa kula naye.

Siku moja yenye anga safi fanya Sellaronda. Ni mzunguko wa kuuzunguka mlima wa Sella kwa lifti na pisti, unapita mabonde manne ya watu wanaosema Kiladini, lugha ya wenyeji wa milima hiyo, na njia nne za milimani: Gardena, Campolongo, Pordoi na Sella. Alama za rangi ya chungwa zinakupeleka kufuata mshale wa saa, za kijani zinakurudisha kinyume chake. Hakuna pisti ngumu kwako humo. Kosa la watu ni muda. Anza kabla ya saa nne asubuhi, na hakikisha njia ya mwisho ya mlima umeipita ifikapo saa tisa na nusu. Anayeachwa na lifti ya mwisho analala bonde la watu au analipa teksi ya kuzunguka usiku, na peke yako hakuna wa kugawana naye nauli.

Italia ina sheria zake. Tangu 2022 kila anayeteleza kwenye pisti lazima awe na bima ya madhara anayoweza kumfanyia mwingine. Kama huna, huuzwa pamoja na pasi ya lifti. Kuanzia msimu wa 2025/26 kofia ngumu ni lazima kwa kila umri. Bima ya pili ni yako mwenyewe, na isome hadi uone maneno ya uokoaji wa mlimani kwa helikopta, kwa sababu gharama yake hufika maelfu ya euro. Kadi ya afya ya Ulaya usiitegemee kwa hilo. Namba ya dharura ni 112. Simu iweke mfuko wa ndani karibu na mwili, baridi humaliza betri haraka. Na kila asubuhi mwambie mtu wa mapokezi unaelekea upande gani. Tulikuwa tukiandika. Saa kumi na mbili jioni nilikuwa naipitia karatasi ile na kuhesabu funguo.

Kama moyo wako hautaki meza ya utulivu, unataka kelele na watu wengi, basi iko njia nyingine. UCPA ni shirika la Ufaransa lisilo la faida, lilianzishwa 1965, na wiki zake hujumuisha kitanda katika chumba cha kushiriki, chakula, vifaa, pasi na mwalimu katika bei moja. Wengi huja peke yao. Les Arcs ni mahali pazuri pa kuwafuata: unateremka treni ya mwendo kasi ya TGV Bourg-Saint-Maurice, unavuka kwenda kwenye funikula, treni ndogo inayovutwa kwa kamba kupanda mlima, na dakika saba baadaye uko Arc 1600. Upande wa Peisey-Vallandry una msitu mzuri kwa siku za wingu. Angalia tu kundi la umri kabla ya kulipa. Usije ukawekwa na wa miaka 19.

Pasi ya siku katika maeneo haya makubwa yote imeshavuka euro 70. Usinunue ya siku sita bila kufikiri. Kwa anayekwenda peke yake siku moja ya kupumzika, kutembea kijijini na kusoma kitabu dirishani, hurefusha wiki nzima.

SWALI

Shikamoo Mama. Nina miaka 24, nitakuwa Chamonix, Ufaransa, peke yangu Januari. Pisti zimenichosha, nataka theluji ambayo haijaguswa. Nimeshanunua kifaa cha kutuma mawimbi kwa ajili ya maporomoko ya theluji, koleo na fimbo ya kuchomea theluji. Taarifa ya hatari ya maporomoko ikisema 3 kati ya 5, si ni katikati tu? Naweza kwenda?

JIBU

Marahaba. Hapana, mwanangu, na nitakueleza kwa vifaa vyako mwenyewe. Kile kifaa hutuma mawimbi ili mtu mwingine ayasikie. Fimbo ni ya kuchoma theluji iliyomfukia mwingine. Koleo ni la kumchimbua mwingine. Ukiwa peke yako, vyote vitatu utafukiwa navyo, vikifanya kazi vizuri kabisa, na hakuna wa kuvisikia. Anayetolewa ndani ya dakika kumi za mwanzo ana nafasi kubwa ya kuishi. Baada ya hapo nafasi inaporomoka, na kikosi cha uokoaji mara chache hufika ndani ya dakika hizo. Anayekuokoa ni yule uliyekuja naye.

Kuhusu hiyo 3. Kipimo cha Ulaya kina ngazi tano tangu 1993, lakini hatari haipandi kwa hatua zilizo sawa; kila ngazi ni mruko. Ya 3 ni ngazi ambayo uzito wa mtu mmoja unaweza kuangusha mteremko. Ndiyo pia ngazi inayowaua watu wengi kuliko nyingine, kwa sababu ikiwa 4 au 5 wengi wanabaki nyumbani, na ikiwa 3 wanafikiri kama wewe. Alps hupoteza wastani wa watu kama 100 kila mwaka kwa maporomoko. Soma pia maneno yaliyo chini ya namba: miteremko inayotazama upande gani, kuanzia mita ngapi, tatizo ni upepo au tabaka bovu lililozikwa. Na alama za skii za waliotangulia hazithibitishi chochote. Huenda wa kwanza alipita, wa tano akaiangusha.

Hamu yako naielewa kabisa. Ipe njia nyingine. Chamonix ina Compagnie des Guides iliyoanzishwa 1821, na ina safari za vikundi ambazo mtu mmoja hujiandikisha mwenyewe na kugawana gharama na wageni wengine. Omba Vallée Blanche. Gondola inakupandisha Aiguille du Midi, mita 3,842, unashuka ukingo mwembamba ukiwa umefungwa kamba, kisha kama kilomita 20 za barafuto (mto wa barafu) mbele yako. Bila kiongozi usiiguse: chini ya theluji hiyo pana nyufa, na mapema katika msimu madaraja ya theluji juu yake bado ni membamba. Kiongozi akisema wiki hiyo haifai, mwamini na usitafute mwingine wa kukubali.

Siku nyingine zitumie Grands Montets hali ikiwa nzuri, na Les Houches wingu likishuka, kwa sababu ndiko kwenye miti. Maeneo ya bonde hilo hayajaungana, unahama kwa basi au treni, kwa hiyo tafuta kitanda karibu na kituo.

SWALI

Dada yangu, salaam. Nina miaka 63, nimestaafu, mke wangu hapendi baridi na amenipa ruhusa niende mwenyewe. Sijawahi kuvaa skii maishani. Je, nimechelewa? Na ni wapi ambako sitajiona kikwazo kwa vijana wanaopita kama risasi?

JIBU

Salaam kaka yangu. Hujachelewa, ila pima moyo na magoti kwa daktari kwanza, na usiende mahali panaposifiwa kwa ukubwa. Kilomita 600 hazikusaidii ukiwa unatumia mita 200.

Nenda Seefeld, Tirol. Ni uwanda ulioinuka, takriban mita 1,200, na michezo ya skii za nyanda (za kutembelea mahali tambarare) ya Olimpiki za Innsbruck ilifanyika hapo 1964 na 1976, kisha mashindano ya dunia 1985 na 2019. Kwako uzuri wake ni kwamba una njia mbili za kujaribu. Kilima cha Geigenbühel kiko kando ya kijiji, chepesi, cha wanaoanza, na hakuna risasi zinazopita hapo. Ukiona kasi haikufai, pana njia za skii za nyanda zaidi ya kilomita 200, ambapo mtu hutembea na kuserereka kwa mwendo wake kati ya miti, na hakuna lifti ya kuogopa. Siku ya tatu, misuli ikigoma, njia za kutembea kwa miguu zimesafishwa, na viatu vya kawaida vyenye soli nzuri vinatosha.

Kodisha kila kitu, usinunue. Buti ndizo za kupigania: kidole kiguse mbele ukiwa umesimama wima na kirudi nyuma ukikunja goti, kisigino kisiinuke. Kikikubana baada ya saa moja, rudi dukani ubadilishiwe, ni haki yako. Chukua darasa la asubuhi, na ikifika saa nane mchana acha, hata kama ndiyo kwanza umeanza kufurahia. Nilizipokea taarifa nyingi za wageni walioumia, na zilikuwa zikija alasiri, miguu ikiwa imechoka na kichwa kikisema “mara moja tu tena”. Pasi kubwa usinunue siku ya kwanza. Kilima cha wanaoanza kina tiketi yake.

Hoteli iwe yenye chakula cha jioni, kwa yale yale niliyomwandikia muuguzi hapo juu. Kutoka Innsbruck treni ya kupanda Seefeld inachukua kama dakika 40. Kaa upande wa kushoto ukiangalia mbele: reli inapanda ukutani kwa mlima, na bonde lote la Inn linabaki chini yako.